Ukingoni mwa Kitanda

Wiki ya sita, wodi ya wanaume, Mbale ya Vihiga.
Nyonga imeunga, picha inasema.
Musimbi wa mazoezi ya viungo akanikuta nimekunja ngumi,
nataka kushuka kwa mruko mmoja.
"Mzee Adagala, polepole.
Hujui kilichomo ndani yako."

Najua. Vumbi la mawe, miaka thelathini na moja
ya kupasua kokoto chini ya vilima vya Maragoli.

Hakucheka. Akauteremsha mkono wangu kando ya godoro:
mishipa ikatuna mgongoni mwa kiganja
kama mizizi inayotafuta ufa mwambani.
Akauinua juu ya kichwa:
ikazama, ngozi ikabaki tupu.
"Hakuna aliyeigusa," akasema.
"Ni ardhi. Inadai chake usiku na mchana, haitoi risiti."

Nikasimama.

Nusu lita, pengine zaidi, ikatoka kifuani
ikateremkia mapajani, miundini, vifundoni,
kama watoto wa shule kengele ya saa kumi ikilia,
wote mlangoni kwa pamoja.
Dirisha likawa majivu. Masikio yakajaa nyuki.
Sauti ya Musimbi ikaniita toka ng'ambo ya mto Yala:
"Kaa! Kaa chini!"

Nikiwa nimelala, presha mia na thelathini.
Nikiwa wima, themanini na nane.
Aliziandika zote mbili kwa kalamu nyekundu.

"Shingoni una bawabu," akaniambia, "huku na huku.
Kazi yake kupapasa ukuta wa mshipa:
umekaza, umelegea?
Zamani, kabla goti halijanyooka,
alikwisha kuuambia moyo: kaza mwendo!
na mishipa ya chini: jibaneni!
Wewe hukujua hata kama una mtumishi.
Sasa wiki sita hakuna aliyeinuka. Kasinzia.
Na damu yenyewe imepungua, umeikojoa;
mwili ukilala hauoni sababu ya kuweka akiba."

Kisha akanipiga kofi kwenye shavu la mguu, pa!
"Moyo wa pili huu hapa.
Ukikanyaga, unakamua.
Vena zina vimilango vinavyofunguka kwenda juu tu."

Basi nikakanyaga. Chali, hewani,
kama fundi wa cherehani aliyenyang'anywa cherehani.
Jirani wa kitanda cha nne akaniuliza nashona nini.

Jumanne nilisimama dakika moja.
Alhamisi tano.
Jumatatu nikaumaliza ukumbi mzima kwa fremu,
moyo ukitwanga, kila pigo likibeba zaidi ya lililotangulia,
miguu imefunguliwa bomba, tumbo limekatiwa mgao,
jasho, jasho la halali,
hadi dirisha la mwisho, na vilima vile,
miamba imekaa juu ya miamba
wala haisikii kizunguzungu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama.

Kageha binti Vugutsa, aliyebeba karai la mawe
hadi barabarani, safari ishirini kwa siku,
kila alfajiri alikaa ukingoni mwa kitanda chake
miguu chini, kichwa kimeinama,
vidole vikichezacheza kwenye sakafu baridi.
Sisi watano, chini ya blanketi moja,
tulinyamaza. Tulidhani anasali.
Mara moja tu aliinuka ghafla, kitinda mimba analia,
akaanguka kama gunia.
Baba akasema: uchovu. Shangazi akasema: macho ya watu.
Yeye hakusema kitu. Kesho yake alikaa tena, muda mrefu zaidi.

Nani alimfundisha?
Hakuwa na mkanda wa presha, wala kalamu nyekundu.

Nimerudi nyumbani. Saa kumi na moja, jogoo wa Lumbasi
amekwisha kuwika mara mbili.
Nakaa ukingoni. Nakanyaga sakafu, kushoto, kulia.
Mke wangu anageuka gizani:
"Unasali?"

Nangoja, namwambia.
Sehemu yangu nyingine bado iko njiani.